Barua kwa Zuhura: kabla ya kusaini ile nyumba ya zamu ya Orlando

Mwanangu Zuhura,

Waalaikumu salamu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kalamu ikiwa mkononi, maana ulijaa namba, na wewe unanijua, namba zikitajwa siwezi kukaa bure. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, ili mumeo naye asome mwenyewe kwa utulivu, asije akayapata maneno yangu kupitia kwako akadhani baba mkwe anamkataza.

Kama nimekuelewa, mambo ni haya. Mlipokuwa Orlando mlipewa tiketi za viwanja vya burudani kwa bei ya chini, kwa sharti la kuhudhuria kikao cha dakika tisini. Kikao kikaanza baada ya chai ya asubuhi kikaenda hadi alasiri. Muuzaji mmoja akaondoka akaja mkubwa wake, bei ikashuka, akaja mwingine, ikashuka tena. Mwisho mkawekewa mezani taimushea: fleti ya vyumba viwili vya kulala, yenu kwa wiki moja kila mwaka, dola 24,000. Arubuni dola 2,400, zilizobaki mlipe kwa miaka kumi kwa riba ya asilimia 15. Mliambiwa bei hiyo ni ya siku hiyo hiyo tu, mkakataa kusaini mkarudi Houston, na bado simu hazijakoma. Mumeo ameipenda. Wewe unauliza: sisi watu saba, mkubwa ana miaka tisa na mdogo ndiyo kwanza anatambaa, si ndio hasa tuliotengenezewa kitu hiki?

Fleti ile inawafaa, mwanangu. Mkataba wake hauwafai, angalau kwa sasa. Kodini.

Nianze na pale muuzaji aliposema kweli, maana alisema kweli nyingi. Vyumba vingi vya hoteli za Marekani havipokei zaidi ya watu wanne. Watu saba ni vyumba viwili, baba huku na wavulana, mama kule na wasichana na mtoto mchanga, na likizo inageuka kuwa kazi ya zamu. Fleti ya vyumba viwili kwa kawaida inaruhusiwa kulaza hadi wanane, ina jiko kamili, friji kubwa, mashine ya kufulia. Mdogo akilala mchana, wengine wanakaa sebuleni. Na kwa watu wanaokula halali, jiko peke yake ni neema.

Haya nayajua kutoka upande wa pili wa meza. Miaka yote ile nikishika hesabu za hoteli pwani, familia kubwa nilikuwa naziona Desemba zikifika kutoka Nairobi na watoto wanne na yaya, baba anabishana mapokezi juu ya kitanda cha ziada, mama amekaa juu ya begi ambalo ndani yake mna jiko la umeme. Jioni harufu ya ubwabwa wa nazi na samaki wa kukaanga inajaa ukumbi mzima wa ghorofa ya pili, na meneja anajifanya ana mafua. Watu wale hawakuwa wakorofi. Hoteli haikujengwa kwa ajili yao, basi. Wazo la nyumba ya likizo yenye wenyewe wengi lilipoanza kushika Ulaya miaka ya 1960, na lilipofika Marekani, lilikuwa linajibu shida ya kweli.

Ila shida yenu ni nafasi na jiko, na hivyo vinakodishwa. Harusi yako tulipika biriani ya watu mia nne, na masufuria tuliyakodi. Hakuna aliyeniambia niyanunue kwa sababu nina mabinti wengine wa kuoza.

Sasa daftari. Dola 21,600 kwa asilimia 15, miaka kumi, ni kama dola 348 kila mwezi. Miezi 120 inafanya karibu 41,800. Tia arubuni, 44,200. Yaani kitu cha 24,000 kimeongezeka dola elfu ishirini za riba tupu. Msimamo wangu juu ya riba mnaujua na sitaurudia hapa. Hata asiyejali hilo, hesabu yenyewe inaudhi. Halafu kuna ada ya matengenezo, ambayo kwenye ujumbe wako uliitaja mwishoni, kwa haraka, na nadhani hata muuzaji aliitaja hivyo hivyo. Dola 1,200 kwa mwaka. Mimi ningeihesabu kwa kupanda asilimia 5 kila mwaka, na hapo miaka kumi inakula dola 15,000 na ushei. Jumla ni kama 59,000. Gawa kwa wiki kumi: wiki moja ya likizo inawagharimu dola 5,900, kabla ya nauli, kabla ya tiketi, kabla ya mtoto kulilia puto.

Ile nyumba mliyoikodi Kissimmee, jirani na Orlando, mwaka juzi, yenye vyumba vinne na bwawa lake nyuma, uliniambia mlilipa dola 1,900 pamoja na usafi.

Mkopo unaisha, ada haiishi. Ndicho nilichotaka mumeo akione. Mikataba mingi ya namna hii haina mwisho, na hata mikopo ikishalipwa yote, ankara ya ada itakuja kila mwaka, mwende msiende. Mkiugua, mkihamia Minnesota, mkikosa likizo kazini, mnalipa. Na itapanda, kwa sababu jengo linazeeka. Pale hotelini tulikuwa tunafunga viyoyozi vipya, na kabla ya miaka mitano maganda ya nje ni kutu tupu. Bawaba za milango, magodoro, mapazia, vyote vinaliwa na unyevu taratibu na mtu anapaswa kuvilipia. Hoteli inavilipia kwa bei ya vyumba, na mgeni akiona ghali anakwenda kwingine. Mwenye taimushea haendi kwingine. Orlando iko mbali na bahari, lakini unyevu wa Florida ni ule ule, na dhoruba zinafika: kimbunga Ian kilipoingia tarehe 28 Septemba 2022 kilivunja miji ya pwani ya Fort Myers Beach na Sanibel, kikapita katikati ya jimbo na kuleta mafuriko mpaka Orlando na Kissimmee. Bima isipotosha baada ya jambo kama hilo, wenye fleti wanaweza kutozwa mchango wa dharura juu ya ada. Tafuta neno hilo kwenye mkataba. Lipo.

Halafu watoto. Muuzaji amewaona jinsi mlivyo leo, akawauzia leo kwa bei ya miaka kumi. Mtoto wenu mdogo leo anapandishwa ndege magotini. Akitimiza miaka miwili analipiwa kiti. Kwenye viwanja vyake vya burudani, Disney haimtozi mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kuanzia miaka kumi inamhesabu mtu mzima, kwa hiyo mkubwa wenu Sabiha mwakani ni tiketi ya mtu mzima. Kila mwaka unaopita, kitanda kinakuwa sehemu ndogo zaidi ya gharama ya safari hiyo, na kitanda ndicho pekee mlichofungia bei, tena hamkukifungia sawasawa. Mkopo utakapokwisha Sabiha atakuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuo, na likizo yake hailingani na ya wadogo zake. Wavulana watakuwa na miaka ya kutotaka kuonekana wameshikana mkono na mama yao mbele ya panya mwenye masikio makubwa. Na ninyi hamjaniambia mmemaliza kuzaa. Mama yako amenikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi, lakini fleti ya wanane ina hesabu yake, na majengo mengine yanamhesabu hata mtoto mchanga.

Wenye kufaidi mpango huu, ninavyoona, ni watu wawili waliostaafu wanaoweza kwenda wiki ya pili ya Septemba wakati hakuna mtu. Nyinyi mmefungwa na kalenda ya shule za Texas. Mnataka Juni, Julai, mapumziko ya Machi, na wiki ya mwisho wa mwaka, na wiki hizo zinatakwa na kila mwenye watoto. Kama mliyouziwa ni wiki maalumu yenye namba yake, hilo ni afadhali. Kama ni wiki ya kuelea, isiyo na tarehe yake, au pointi mnazotumia kulipia siku za kukaa, mtakuwa mnashindana kuweka nafasi miezi kumi au zaidi kabla, na wiki nzuri inakula pointi nyingi kuliko wiki mbovu.

Atawaambia mnaweza kubadilishana na kwenda popote duniani. Kubadilishana kupo kweli. Kampuni ya RCI ilianzishwa mwaka 1974 kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kuna ada ya uanachama na ada ya kila badiliko, na unapewa kilichopo. Akipiga simu tena, mwambie afungue mfumo mbele yako kwenye video, atafute fleti ya vyumba viwili, watu saba, wiki ya kwanza ya Julai, mahali ambapo mngependa kwenda, na akuonyeshe zilizopo. Usimjibu lingine mpaka afanye hivyo. Nitafurahi sana kusikia alichosema.

Mumeo anasema hii ni mali, na siku moja mtaiuza. Akae jioni moja atafute taimushea za mitumba za jengo lile lile. Atakuta watu wanaziuza kwa dola mia chache, wengine kwa dola moja, kusudi tu mtu awapokee mzigo wa ada. Dola 24,000 zile, sehemu kubwa ni kikao, tiketi, kamisheni na vitafunio mlivyokula. Na mwenye kuchoka akitaka kujitoa, huzuka watu wa kumpigia simu wakisema wana mnunuzi tayari, lipa kwanza kodi na ada za uhamisho. Serikali ya Marekani imeshatangaza hadharani kwamba genge la dawa za kulevya la Jalisco la Meksiko limekuwa likiendesha utapeli wa namna hiyo dhidi ya wenye taimushea za kule, na mwaka 2023 Wizara ya Fedha ikawawekea vikwazo baadhi ya wahusika. Wanaolengwa sana ni wazee. Yaani watu wa umri wangu, walionunua wakiwa na umri wenu.

Pamoja na hayo, sisemi ni haramu kwa kila mtu. Kama baada ya miaka mitatu au minne ya kukodi mtajikuta mnarudi jengo moja, wiki moja, na watoto wanalilia kurudi, nunueni ya mitumba, kwa fedha taslimu, wiki hiyo hiyo, baada ya kuona ankara za ada za miaka mitano iliyopita. Na mngechagua yenye mwisho. Za Disney, kwa mfano, zina mwaka wa kuisha; mikataba ya jengo lao la kwanza, lililofunguliwa 1991, ilipangwa kumalizika Januari 2042. Ni ghali, lakini mtu anajua anatoka lini. Na hata kabla ya kununua, wenye wiki zao huzikodisha wasipokwenda, mara nyingi kwa bei inayokaribia ada yao tu. Fleti ile ile, kitanda kile kile, jiko lile lile, na mkitoka mmetoka.

Ikitokea mmesaini, kwa sababu yoyote, msinifiche kwa aibu. Sheria ya Florida inawapa siku kumi za kuvunja mkataba, kuanzia siku ya kusaini au siku mliyopokea hati ya mwisho, ile iliyochelewa zaidi. Wikendi zinahesabiwa. Hamhitaji kutoa sababu, na hata karatasi inayosema mmeiacha haki hiyo haina nguvu. Lazima iwe kwa maandishi, kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, na mtume kwa posta yenye risiti. Msivunje kwa simu. Kwenye simu watawasikiliza kwa upole hadi siku ya kumi na moja.

Lipo jambo moja ambalo mimi ni mwenye maslahi nalo, kwa hiyo lipimeni mkijua hivyo. Dola 348 kwa mwezi ni zaidi ya dola 4,000 kwa mwaka. Hazitoshi nauli ya watu saba kuja Mombasa kila mwaka, hilo najua. Zikiwekwa miaka miwili, mitatu, zinakaribia, na hapa vyumba vipo. Mjukuu wangu Idi hajawahi kuniona ila kwenye kioo cha simu, na kila nikimwita ananionyesha gari lake kisha anaondoka. Mama yako alitaka niyaweke haya mwanzoni. Nikamwambia hesabu kwanza.

Nitumie nakala ya makaratasi yote mliyopewa, kurasa zote, hasa zile za maandishi madogo, usinitumie picha ya ukurasa wa bei peke yake. Nataka kuona kama ni wiki au pointi, na kifungu cha ada kimeandikwa vipi. Na umuulize mumeo kama Jumapili baada ya magharibi ya huku atakuwa na nafasi, tuongee mimi na yeye.

Baba yako