Maswali ya Wasomaji: Mbegu Zipo, Mbona Ndege Ni Wale Wale?

Shikamoo Babu. Nimetundika chombo cha mbegu barazani, hii ni wiki ya tatu. Wanaokuja ni shomoro tu, na hua wanaookota zinazodondoka. Juu ya miti naona ndege wa kila rangi, lakini hawashuki. Nibadilishe mbegu?

Marahaba, mjukuu wangu. Mbegu zako hazina kosa. Hebu watazame midomo. Shomoro na hua wanakula mbegu, kwa hiyo hao ndio uliowaalika. Wale wa rangi huko juu, wengi wana midomo myembamba ya kunasia wadudu au kufyonzea utamu wa maua. Mbegu kwao ni kama kokoto. Hata uwamwagie alizeti gunia zima hawatashuka.

Wanachokitaka wote ni maji. Kila anayeniuliza namwambia aanze na maji, mbegu zije baadaye, na najua wauza vyombo vya mbegu hawanipendi kwa neno hilo. Sahani pana ya udongo, ile inayokaa chini ya chungu cha maua, inatosha kabisa. Maji yasizidi kina cha sentimita 5, na ukingoni yawe haba zaidi, maana ndege mdogo haogi mahali ambapo miguu yake haigusi chini. Ikiwa sahani inateleza, weka jiwe bapa katikati. Iweke mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka: ndege awahi kujificha kipanga akitokea, lakini paka asipate pa kumvizia. Maji yabadilishe kila siku, la sivyo utafuga mbu. Ukiwa na haraka ya kuwaona, toboa kijitundu chini ya chupa ya maji, uitundike juu ya sahani iwe inadondosha tone moja moja. Maji yanayocheza huwaita ndege kuliko maji yaliyotulia. Kisha kaa mbali, kaa kimya, utazame asubuhi mapema.

Chombo cha mbegu usikitupe, ila kioshe. Hapa ndipo watu wengi wanapozembea. Ndege ambao porini wangetawanyika, sisi tunawakusanya wale mahali pamoja, wakanyee mahali hapo hapo. Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 2000, ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea cha trikomonasi umewapunguza vibaya ndege fulani wa kijani wa jamii ya chiriku, na vyombo vya kulishia vimo katika njia za kuusambaza. Kila baada ya wiki mbili mwaga mbegu zilizobaki, sugua chombo, kiloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini (sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji), suuza sana, kikauke kabisa ndipo ujaze tena. Ukimwona ndege amejitutumua manyoya, hamezi vizuri, na ukimkaribia haruki, ondoa kila kitu kwa wiki kadhaa ili watawanyike.

Babu, kuna ndege anagonga dirisha langu kila asubuhi, anaondoka na kurudi. Mume wangu anasema ana njaa.

Mwambie mumeo hana njaa, ana wivu. Anajiona kwenye kioo na kudhani ni dume mwenzake aliyevamia himaya yake. Msimu wa kutaga ukipita ataacha. Kwa sasa funika kioo kwa nje. Pazia la ndani halisaidii. Pengine ndilo linalomfanya ajione vizuri zaidi.

Yule anayekuja kwa kasi na kujibamiza ni habari nyingine, na huyo mara nyingi hufa. Yeye ameona miti na anga ndani ya kioo, akadhani njia iko wazi. Chombo cha mbegu kikae chini ya mita 1 kutoka dirishani, ili akikurupuka asiwe amepata kasi ya kuumia, au zaidi ya mita 10. Katikati hapo ndipo penye hatari. Pia bandika alama upande wa nje, ziachane sentimita 5 tu. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya kioo ni pambo, haizuii kitu.

Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wanapenda maji ya sukari. Naweza kuwawekea asali badala yake?

Hapana. Asali iliyochanganywa na maji huchacha na kuota ukungu upesi. Tumia sukari nyeupe, sehemu 1 kwa 4 za maji, bila rangi yoyote, na wakati wa joto badilisha kila baada ya siku mbili. Mimi ningepanda maua yenye mirija mirefu. Hayahitaji kuoshwa.

Nasafiri mwezi mzima. Si nitawaua kwa njaa?

Huwaui. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwahi kuondoa vyombo mahali ambapo ndege wadogo walikuwa wamelishwa kwa miaka 25. Baridi ilipokwisha, hao walikuwa wamesalimika sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Chakula cha chombo ni nyongeza tu kwa kile wanachojitafutia. Toa mbegu zote kabla hujaondoka, zisije zikaota ukungu au kulea panya.