Chai ya makaa au ya gesi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mavyaa wangu hanywi chai ya gesi. Asema ya makaa ina utamu wake, na hata akifumbwa macho ataijua. Mume wangu acheka tu, asema ni mazoea. Mpishi ni mimi, na makaa ni ghali. Nitajuaje ukweli bila kumvunjia mama heshima? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa gesi, kwa hiyo maoni yangu yaache kando. Tuulize vikombe.

Ugomvi kama wenu ulitokea Uingereza miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alikataa chai ya Ronald Fisher, akisema yeye hupenda maziwa yatangulie kikombeni. (Wenzetu hawachemshi pamoja, masikini.) Fisher, bingwa wa takwimu, akaligeuza jambo hilo kuwa jaribio na kulieleza kitabuni mwaka 1935: vikombe 8, vinne vya kila namna, vimechanganywa. Mwonjaji aambiwa ni vinne kwa vinne. Kazi yake ni kuvitenga.

Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, na iliyo sawa ni moja tu. Mavyaa wako akivipata vyote vinne vya makaa, si rahisi kusema amebahatisha. Lakini akipata vitatu? Jirani atapiga vigelegele, wewe usipige. Anayebahatisha hupata vitatu au zaidi kwa nafasi 17 kati ya 70, karibu robo. Basi kubalianeni mapema, mumeo akiwapo: vinne vyote, au hakuna ushindi. Mkingoja matokeo ndipo mpange kipimo, mtabishana hadi Maulidi.

Upishi sasa. Maji, majani, maziwa, sukari, iliki, vyote vipimwe sawa, na sufuria ziwe za aina moja. Kila chai itie kwenye chupa yake, maana ikiwa moja ina moto na nyingine imepoa, hata mtoto atazitenga. Mpangilio wa vikombe upigieni kura ya bahati nasibu, usiupange kichwani. Mimina, tia alama chini ya kila kikombe, kisha toka. Abebe mtu asiyejua kipi ni kipi, kwa sababu uso wako utasema. Ujerumani palikuwa na farasi, Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu; mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kuwa farasi yule alikuwa akifuata ishara ndogo za mwili wa muulizaji. Punda wetu hapa sijasikia wakijaribiwa.

Kuhusu heshima, neno mtihani usilitaje. Mwambie wataka kujua siri ya chai aipendayo, na ndiyo kweli yenyewe. Robo kikombe yatosha. Akinywa vinane vilivyojaa hatalala.

Akivitambua vyote, bado hujajua kama sababu ni makaa. Jiko la makaa mara nyingi huchemsha polepole, maziwa yakakaa motoni zaidi. Siku nyingine shindanisha makaa na gesi ya moto mdogo, zote zikae jikoni muda ule ule. Hapo akishindwa kuzitenga, huenda alichokipenda ni kule kuchemka taratibu, na hilo gesi inaliweza ukipunguza moto.