Kuandika yaliyonipata msibani: kutanisaidia au kutanitonesha?

Pole sana dada kwa kufiwa na mama. Umeuliza kama kuandika yaliyotokea kutakusaidia au kutakutonesha tu, mi nakwambia andika, ila mwanzoni inauma kweli. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, utafiti wake ulitoka 1986, wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowapata, wakimaliza wanakuwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo usiandike ratiba ya mazishi tu, nani alikuja nani hakuja, andika ulivyojisikia, hata hasira, hata yale ya ndugu kugombea vyombo kabla ya arobaini. Si lazima mtu asome, ukitaka chana. Mkono ukichoka jirekodi kwenye simu. Ila ukiona usingizi umekata kabisa au mawazo ya kujidhuru yanakuja, weka daftari pembeni, mwambie mtu wako wa karibu akupeleke hospitali leo leo, usisubiri dada yangu.