Hifadhidata tisa kwa dakika hamsini? Wadogo zangu, tulieni

Wiki iliyopita niliketi nyuma ya darasa la mkutubi mwenzetu mpya, akiwafundisha wanafunzi kutafuta makala za kitaaluma mtandaoni. Hifadhidata tisa kwa kipindi kimoja! Alipofika ya nne, kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshaanza kuchora samaki pembeni mwa daftari. Sikucheka. Mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nikiongea kwa kasi zaidi.

1. Chagueni hifadhidata moja. Nyingine watazifikia wenyewe siku wakibanwa.

2. AND, OR na NOT, yale maneno ya kuunga au kuondoa maneno mengine unapotafuta, hazihitaji hotuba kuhusu mwanahisabati George Boole na kitabu chake cha 1854. (Nimewahi kuitoa. Dakika kumi na mbili.) Andikeni ubaoni visawe vitatu, wavitafute kimoja kimoja, kisha waviunge kwa OR waone matokeo yanavyofura.

3. Msitaje rejea ambayo hamjaifungua. Hapa nina kovu.

Nilikuwa na karatasi ya zoezi niliyoionea fahari. Juu kabisa niliweka mfano wa rejea iliyokamilika: mwandishi, mwaka, jarida, juzuu, kurasa, na sentensi moja ya kueleza makala inasema nini. Yote niliyanakili kwenye tasnifu ya mtu kwa sababu yalikuwa nadhifu. Mihula minne nikaigawa, huku nikihubiri: fuateni chanzo mpaka mwisho wake.

Ndipo akaja mezani kwangu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, daftari mkononi. Alikuwa ameisaka makala ile siku tatu. Kila alipopita amepaandika: tarehe, maneno aliyotumia, matokeo mangapi. Akasema taratibu, "Samahani mwalimu, nadhani mimi sijui kutafuta."

Tukakaa pamoja. Saa nzima ikapita kabla hatujaipata. Mwaka ulikosewa, juzuu ya 43 imeandikwa 34, na tulipoifungua, ile hoja ya kwenye karatasi yangu haikuwamo hata kwa kudokezwa. Akanitazama kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba ruhusa ya kunakili ukurasa wa daftari lake. Ndio ninaougawa mpaka leo, jina limefichwa, na sijatunga zoezi linaloushinda.

Kwa hiyo mkinijia mnafoka kwamba wanafunzi wanaleta marejeo yaliyobuniwa na akili mnemba, nitawasikiliza, ila kwanza nitauliza: yaliyomo kwenye slaidi zenu mmeyafungua?

4. Wafundisheni kukagua kama makala imefutwa na jarida lenyewe. Ile ya daktari Wakefield iliyotia watu hofu ya chanjo ilitoka kwenye jarida la tiba The Lancet mwaka 1998 ikiwa imechunguza watoto 12 tu, ikaja kufutwa 2010. Hapo darasa huamka.

5. Acheni utafutaji ushindwe mbele yao. Hayo maneno mliyoyajaribu jana usiku mpaka yakatoa matokeo safi yanawadanganya wadhani kazi huwa laini hivyo. Wiki iliyopita binti mmoja aliuliza, "Na kama hakuna kinachotokea, tunafanyaje?" Mwenzetu akajibu, "Kitatokea tu," akabonyeza slaidi inayofuata. Jamani! Somo zima lilikuwa limeletwa mkononi mwake bure. Hata yule mchora samaki aliinua kichwa, akangoja kidogo, kisha akarudi kumalizia mapezi.