Nasoma herufi zote ubaoni, retina nipimwe ya nini?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 52, kisukari mwaka wa saba sasa. Kliniki wamenipa rufaa hospitali ya KCMC nikapimwe retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wakasema nitawekewa dawa ya kupanua mboni. Majuzi duka la miwani walinipima kwa mashine, na ubaoni nikasoma mpaka mstari wa mwisho. Kuna haja gani tena? Dawa hiyo haitaniharibu macho?

JIBU: Salama, mama. Nenda. Kwa kisukari aina ya pili, kipimo hiki cha kwanza hufanywa pale tu mtu anapogundulika, kwa hiyo umeshachelewa.

Mashine ya dukani inatafuta namba ya miwani, basi. Ubao nao unapima kazi ya makula, sehemu ndogo ya katikati ya retina. Vishipa vya pembeni vinaweza kuwa vinavuja damu huku makula ni nzima na wewe unasoma vizuri. Maumivu hakuna, ndiyo maana wengi huja wakati jicho limeshaingia giza.

Mboni isiyowekewa dawa husinyaa nikiimulika tu, nabaki nachungulia kama kwenye tundu la ufunguo. Tropikamaidi, ndiyo hiyo dawa ya kupanua mboni, inawasha kidogo, na baada ya dakika 20 hadi 30 njia inafunguka. Hapo natafuta vidoti vyekundu, yaani vishipa vilivyotuna. Mabaka ya damu. Na chembe za manjano, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye damu. Chembe hizo zikisogea karibu na makula, naagiza OCT, picha ya matabaka ya retina inayopigwa kwa mwanga, si eksirei, nione kama makula imevimba. Ikiwa imevimba kuna sindano na leza, na vyote hulinda uoni uliobaki, ila uliopotea si lazima urudi wote.

Dawa haiharibu macho. Ila kwa saa 4 hadi 6 simu haitasomeka na jua litakuumiza, kwa hiyo njoo na mtu na miwani ya jua, gari acha nyumbani. Kama uliwahi kuambiwa una presha ya macho, sema kabla ya kuwekewa. Jicho likiuma sana baadaye, na kichefuchefu juu, rudi siku hiyohiyo.

Retina ikikutwa safi, tuonane baada ya mwaka. Ukiona ghafla vimulimuli, vidoti vyeusi vingi au kivuli kama pazia, usingoje tarehe ya rufaa.