Giza la Almodóvar halikai kwenye taa

Swali: Natengeneza filamu fupi za vichekesho. Sasa nataka kuhamia hadithi nzito, zinazochimba nafsi ya mtu, kama alivyofanya Pedro Almodóvar wa Hispania. Nimepunguza taa, nimeweka muziki wa huzuni, lakini watazamaji hawatetemeki. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, washa taa zako kwanza. Almodóvar alipogeuka hakuziacha rangi. Ile nyekundu yake kali ipo mpaka leo. Kilichohama ni siri: nani anaijua, na anaijua lini. Mimi ni mhariri wa filamu, na jambo hilo tunaliona sana mezani kwetu.

Tazama filamu yake Mujeres al borde de un ataque de nervios (1988). Pepa anatengeneza gazpacho, supu baridi ya nyanya, anatia vidonge vya usingizi. Tumemwona. Basi kila anayeshika glasi anatuchekesha, maana tunajua asilolijua.

Sasa njoo Hable con ella (2002). Benigno ni muuguzi anayemhudumia Alicia, msichana aliye katika koma. Anamwosha, anamkanda, anampigia hadithi kana kwamba anasikia. Tunampenda. Usiku mmoja anamsimulia filamu bubu aliyoitazama, nasi tunaonyeshwa filamu hiyo, nyeusi na nyeupe: mwanamume aliyenywea akawa mdogo kama kidole anatembea juu ya mwili wa mpenzi wake aliyelala. Inapendeza, inachekesha kidogo. Baadaye hospitali inagundua kwamba Alicia ni mjamzito, na hapo ndipo unaelewa ile filamu bubu ilikaa mahali pa nini. Ukatili wenyewe, Benigno kumbaka Alicia, haukuonyeshwa hata kidogo, na sisi tulikwisha kumpenda aliyeutenda. Hiyo ndiyo inayouma. Hable con ella ilimpatia Almodóvar Oscar ya uandishi wa skripti, na kwangu mimi ni haki kabisa.

Angalia pia kwamba hakutudanganya. Dalili aliiweka mbele ya macho yetu. Kuficha bila kuacha dalili ni kumwonea mtazamaji, na hatakusamehe.

La piel que habito (2011) inakwenda mbali zaidi. Tunaanzia Toledo, mji wa Hispania, kwa mwanamke aliyefungiwa nyumbani kwa daktari wa upasuaji. Hadithi ikishatuzoesha naye, ndipo inarudi miaka sita nyuma. Ingeanza na miaka hiyo sita, ingekuwa kisasi tu. Siri yake sikuambii, kaitazame.

Muziki ni suala dogo. Tangu 1995 anafanya kazi na mtunzi wa muziki Alberto Iglesias, lakini hakuna mtunzi awezaye kuokoa sini, yaani onyesho moja la filamu, iliyokwisha kutoboa siri yake.

Kwa hiyo fungua kazi yako ya mwisho, tafuta picha inayomwambia mtazamaji kila kitu mapema, ing'oe. Kama sini bado inasimama, isogeze picha hiyo mbele, baada ya sisi kumzoea mhusika. Kama imeanguka, tatizo ni la skripti, na huko mimi mhariri sifiki. Rudi ukaandike upya.