Jeshi jipya la vinyago: meza ndiyo ikuchagulie kikosi kinachofuata

Mtu akianza kuvutiwa na vita vya vinyago, yaani michezo ya mezani ya kupiganisha majeshi ya sanamu ndogo unazoziunganisha na kuzipaka rangi mwenyewe, swali lake la kwanza huwa: jeshi gani lina nguvu? Jibu lipo, ila halidumu. Katika Warhammer Age of Sigmar, mchezo ninaoucheza zaidi, kampuni inayoutoa, Games Workshop, hupitia upya pointi za vikosi (gharama ya kila kikosi unapounda jeshi) mara kwa mara, na kila baada ya miaka michache kanuni zote huandikwa upya: toleo la kwanza 2015, la pili 2018, la tatu 2021, la nne 2024. (Lile la kwanza halikuwa hata na pointi, zilikuja mwaka uliofuata, baada ya wachezaji kulalamika hadi koo kukauka.) Kikosi kinachotisha leo, utakapomaliza kukipaka rangi, huenda kimeshapandishwa pointi au kupunguzwa makali. Wewe ndiye utakayekaa nacho jioni baada ya jioni ukiwa na brashi mkononi, kwa hiyo chagua jeshi ambalo hutachoka kulitazama.

Mimi jeshi langu la kwanza lilikuwa Stormcast Eternals, wale mashujaa wa deraya. Ni wazuri, lakini kila askari ana mabamba, kamba, ngao na mapambo ya dhahabu, na kila kimoja kinadai rangi yake. Nilipotaka jeshi la pili nilienda upande wa pili kabisa: Nighthaunt, vizuka. Kizuka ni sanda, minyororo na silaha yenye kutu, basi. Rangi mbili tatu zinatosha jeshi zima, na mkono ukitetemeka hakuna atakayejua, maana mzimu haudaiwi unadhifu. Kabla hujafungua pochi, jiulize kama uko tayari kurudia askari yuleyule mara thelathini au arobaini. Majeshi ya panya-watu na vibwengo hudai hivyo. Ukiona huwezi, tafuta jeshi la mazimwi au la majitu, ambapo vinyago vichache vinajaza meza.

Angalia pia umri wa vinyago vyenyewe, jambo ambalo wageni hulisahau. Mwaka 2024 Games Workshop ilitangaza kuwaondoa Beasts of Chaos kwenye Age of Sigmar, jeshi zima, pamoja na sehemu kubwa ya Stormcast waliotolewa mwaka 2018. Vinyago havikuharibika na kwenye meza ya marafiki vinachezwa mpaka leo, ila mtu aliyeanza kuvikusanya mwezi mmoja kabla ya tangazo hakufurahi. Kanuni yangu ni nyepesi: nikianza jeshi, kiini chake kiwe vinyago vilivyochongwa karibuni. Vile vya zamani nitavipenda baadaye.

Halafu kuna kitako, ile sahani ndogo ambayo kinyago husimama juu yake. Age of Sigmar hutumia vitako vya duara, wakati Warhammer: The Old World, mchezo mwingine wa Games Workshop uliotoka Januari 2024, hutumia vya mraba kwa sababu askari hupangwa safu kwa safu. Kings of War, mchezo wa kampuni ya Mantic, hauondoi askari mmoja mmoja. Kikosi kizima husimama na kuanguka pamoja, hivyo wengi hugandisha kikosi chote kwenye ubao mmoja, na ukipenda unakigeuza mandhari yenye mawe na magogo. Kama unahisi utacheza zaidi ya mchezo mmoja, amua hili kabla gundi haijakauka. Gundi ya plastiki haishikishi tu, inayeyusha plastiki na kuunganisha vipande viwe kitu kimoja, kwa hiyo kubandua baadaye ni kazi ya kisu na machozi. Anayeogopa kujifunga huweka sumaku chini ya kitako na kutengeneza trei za mraba.

Sasa ununuzi. Nunua sanduku moja. Toleo la nne lina mtindo wa Spearhead: vilivyomo ndani ya sanduku ndilo jeshi lako, hakuna kuhesabu pointi, na uwanja ni inchi 30 kwa 22, eneo ambalo meza ya kulia chakula inalimudu bila shida. Unapata kiongozi na vikosi vichache, kanuni zake zinasomeka kwa muda mfupi, na mechi haikuli siku nzima. Kama huna hakika na mchezo wenyewe, watu wa One Page Rules hutoa bure kanuni za mchezo wao, Age of Fantasy, na hawajali kinyago chako kimetoka kampuni gani. Ila usinunue sanduku la pili kabla la kwanza halijaunganishwa, kupakwa rangi na kuchezewa. Najua maneno haya hayapendwi. Punguzo la bei huwa na sauti tamu sana. Lakini nimewaona wenzangu kadhaa wakiacha mchezo, na kilichowachosha hakikuwa kushindwa mezani. Ni rundo la masanduku yasiyofunguliwa yaliyokuwa yakiwatazama kila wakipita.

Kuhusu kupaka rangi nitasema lile linalohusu kasi tu. Kata vipande kwenye fremu ya plastiki vinayokuja nayo kwa koleo, kwangua mistari ya mshono kwa mgongo wa kisu, kisha puliza rangi ya msingi. Usipulize siku yenye unyevu mwingi, rangi hukauka ikiwa na chengachenga kama vumbi. Kwa vizuka natumia msingi mweupe au kijivu kilichopauka, juu yake rangi nyepesi inayotiririka na kutulia kwenye mikunjo, zile za aina ya Contrast ambazo Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, ilizitoa mwaka 2019 au wenzao wa kampuni nyingine. Ikikauka, brashi kavu yenye nyeupe kidogo kwenye kingo za sanda, halafu kutu kwenye minyororo. Fanya watano watano. Mmoja mmoja utazeeka, ishirini kwa mpigo utachukia. Na kiongozi mwache wa mwisho, mkono ukishazoea, kwa sababu ndiye kila mtu atakayemwinua karibu na macho.

Umecheza mechi zako za mwanzo. Hapa ndipo jeshi linapoanza kukua kweli, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoandika orodha ya pointi 2,000 siku ya kwanza. Mimi huweka daftari. Kila mechi ikiisha naandika swali moja ambalo meza iliniuliza nikakosa jibu. Sijali nani alishinda. Nauliza: nilikosa nini? Mwendo? Kitu cha kuvunja deraya? Mtu wa kukaa kwenye kituo (mahali pa uwanjani panapogombaniwa) asiondoke? Uchawi? Swali likijirudia mechi tatu nne dhidi ya wapinzani tofauti, hilo ndilo kikosi chako kinachofuata. Likitokea mara moja tu, huenda dadu zilikuwa na hasira zao.

Kwa hilo hesabu kidogo inasaidia. Chukua kikosi chenye mashambulizi 20, kila moja dadu ya pande sita, kinachogonga kwa 3 au zaidi, kinachojeruhi kwa 4 au zaidi, mpinzani akijikinga kwa 4 au zaidi. Kati ya 20 hugonga kama 13, hujeruhi kama 7, na kinga ikishazuia nusu, hupita 3 hivi. Silaha ikiwa na uwezo wa kutoboa kwa 1, kinga inashuka hadi 5 na zaidi, na sasa hupita 4 na kitu. Vizuka ndio wanaovuruga hesabu hii: kinga yao haibadilishwi, haipandi wala haishuki, kwa hiyo mpinzani aliyelipia pointi nyingi kwa silaha za kutoboa amelipia hewa. Lakini kinga yenyewe si nene, na umati wa mashambulizi ya kawaida unawafuta vilevile. Nilipoielewa hesabu hiyo niliacha kabisa kutamani vikosi vizito vya kusimama katikati, nikatafuta vya kuzunguka.

Mfano mwingine. Katika Age of Sigmar, kuanzia duru ya pili wachezaji hurusha dadu kuona nani ataamua zamu ya kwanza ni ya nani, kwa hiyo mpinzani aliyecheza wa mwisho kwenye duru iliyopita anaweza kucheza mara mbili mfululizo. Mgeni akipigwa hivyo mara ya kwanza hukimbilia kununua zimwi kubwa la kulipiza. Ukisoma daftari vizuri utaona swali ni jingine: nani alisimama mbele ya mchawi wangu? Jibu lake ni kikosi cha bei nafuu cha kujaza nafasi, kwa vizuka ni wale Chainrasp, ambao kazi yao ni kufa polepole mahali panapofaa. Hawapendezi kwenye picha kama gari la maiti linalovutwa na farasi, ila ndio wanaokupa duru moja zaidi ya kupumua.

Ukipanua, fikiria pia muundo. Toleo la nne hupanga jeshi kwa makundi: jemadari huongoza hadi vikosi vinne, mashujaa wengine hadi vitatu kila mmoja, na kila shujaa ana orodha ya anaoruhusiwa kuwachukua. Kikosi kisicho na shujaa wa kukichukua huingia kama msaidizi, na ukiwa na wasaidizi wengi kuliko mpinzani unamzawadia pointi ya ziada ya amri (ya kulipia maagizo maalumu) kila duru. Kwa hiyo kabla hujanunua wapanda farasi, angalia kama yupo shujaa wako atakayewapokea. Wakati mwingine ununuzi sahihi ni shujaa mmoja anayewafungulia mlango wale ulio nao tayari. Tena shujaa ni kinyago kimoja cha kupaka, mapumziko matamu baada ya umati.

Na kabla ya kulipa, jaribu kwa kadibodi. Kata kipande chenye ukubwa wa kitako, andika jina, cheza. Rafiki yeyote mwenye utu atakuruhusu; mashindano hayataruhusu, nawe usizipeleke kadibodi huko. Kwa njia hii niliachana na lile gari la maiti. Kwenye karatasi lilikuwa tishio, ila kwa namna ninavyocheza lilibaki nyuma likizunguka zunguka huku vituo vikishikwa na wengine. Siku nikilitaka kwa uzuri wake nitalinunua kwa uzuri wake, na hilo nalo ni sababu halali.

Safari ya kufika pointi 2,000 haina tarehe. Kati ya hapo na sanduku la kwanza kuna hatua ya pointi 1,000 ambayo wengi huiruka kama kituo cha basi kisicho na abiria, wakati ndipo michezo mizuri ilipo: vikosi vichache, kila uamuzi unauma, na mechi inaisha kabla ubongo haujachemka. Ukikuta kundi la watu wanaocheza kiwango hicho, kaa nao.

Jambo la mwisho ni la mchezaji yeyote mwenye vinyago vyembamba. Vizuka husimama juu ya vijiti na mikia ya sanda, na sponji ya kawaida ya sanduku huvinasa na kuvikwanyua wakati wa kuvitoa. Bandika sumaku chini ya kila kitako, kisha uvisimamishe ndani ya boksi lenye bati sakafuni. Fanya hivyo kabla ya kunyunyiza mchanga na majani ya bandia kwenye kitako, kwa sababu ukigeuza kinyago kilichokwisha kupambwa ili ubandike sumaku, mapambo nusu yatabaki mezani.